Kuba lisilofungiwa shata

Piraeus, Jumapili usiku

Ndugu yangu Omari,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Mimi mzima. Meli imelala hapa Piraeus, bandari ya Athens, siku ya kumi na moja, tunasubiri kipuri cha mashine ambacho kila siku tunaambiwa kitafika kesho. Usinionee huruma lakini. Nakumbuka ulivyoapa pale barazani kuwa hakuna kuba linalosimama bila kufungiwa shata, zile mbao za kulishikilia wakati wa kulijenga. Basi nimekuletea jibu, fundi, na si la kwangu: ni la waashi waliofariki zaidi ya miaka 3,200 iliyopita.

Jumatano nilipata ruhusa nikapanda basi hadi karibu na Mycenae, mji wa kale wa Wagiriki, njia iliyobaki nikaimaliza kwa miguu. Huko kuna kaburi wanaloliita Hazina ya Atreus. Hazina hakuna. Jina limetokana na Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK, aliyeandika kuwa Atreus, mfalme wa Mycenae katika hadithi za kale, na wanawe walikuwa na majengo ya chini ya ardhi ya kuhifadhia mali zao. Watu wakalishika jina, likaganda.

Unaingia kwa ujia uliokatwa mlimani, urefu wake mita 36, upana mita 6. Kuta za mawe ya kuchongwa zinapanda kulia na kushoto kwako kadiri unavyosogea, mpaka unajiona mdogo. Mwisho wake ni mlango wa zaidi ya mita 5 kwenda juu. Sasa hapa ndipo nilipokutamani uwepo. Linta ya ndani, ile inayolala juu ya mlango, ni jiwe moja linalokadiriwa kuwa na tani 120. Malori manne ya tani 30, Omari, jiwe moja! Na juu ya linta hawakupanga mawe. Wameacha uwazi wa pembetatu, zamani ukizibwa kwa bamba jembamba la nakshi, ili uzito wa ukuta uteremkie pembeni na linta isibebeshwe mzigo wa juu. Nilisimama nikiliangalia lile tundu mpaka mlinzi akaanza kunitilia shaka.

Ndani ni giza na ubaridi. Chumba ni duara kamili, upana mita 14.5 na kimo zaidi ya mita 13, umbo lake kama mzinga wa nyuki. Nilianza kuhesabu kozi, yaani safu za mawe, shingo ikanishinda. Maandishi yao yanasema 33. Kila kozi ni pete iliyofungwa, na kila pete imechomoza ndani kidogo kuliko ya chini yake. Jiwe likitaka kuangukia ndani linabanwa na wenzake wa kushoto na kulia, kwa kuwa wote wanataka kupita mahali pasipowatosha. Mgongoni wamelundika udongo, unakandamiza mikia ya mawe isinyanyuke. Kwa hiyo kila pete ikishafungwa inajisimamia yenyewe, na fundi anapanda juu yake kuanza nyingine. Shata ya nini? Walipofika kileleni wakachonga ncha zote zilizojitokeza, ukuta ukawa laini kama umepigwa ripu.

Najua utakachosema: hilo si kuba la kweli, mawe yamelala chali badala ya kuinamia katikati. Nakupa nusu ya hoja. Warumi ndio waliojenga makuba mapana zaidi ya hilo, tena baada ya miaka zaidi ya elfu moja. Lile la Pantheon, Roma, lina mita 43 na ni la zege. Hilo lilifungiwa shata, sibishi.

Kitu kimoja kilinishangaza. Wagiriki wa baadaye waliendelea kujenga majengo ya duara, lakini mengi hawakuyawekea kuba la mawe. Jana nilikwenda sokoni kwao kwa kale, Agora ya Athens, kuona Tholos, jengo la duara lililojengwa yapata mwaka 470 KK. Umebaki msingi tu, upana mita 18. Humo wajumbe 50 wa zamu wa baraza la mji walikuwa wakila kwa gharama ya mji, na baadhi yao walilala humo humo ili usiku usikose mtu wa kushika hatamu. Vipimo rasmi vya uzito na ujazo viliwekwa hapo pia, kwa ajili ya wauzaji wenye mikono myepesi. Na ndipo mwanafalsafa Socrates alipoitwa na wale watawala thelathini wa kimabavu waliotwaa mji, akaamriwa yeye na wenzake wanne wakamkamate mtu mmoja, Leon wa Salamis, ili auawe. Wanne wakaenda. Yeye akarudi zake nyumbani.

Paa lake lilikuwa la ncha, kama lilivyo la msonge, ila vigae badala ya makuti, na watu walilipa jina la utani lenye maana ya mwavuli. Delphi nako, mahali pengine pa kale, kuna jengo la duara lililokuwa na nguzo 20 nje. Tatu zimesimamishwa tena mwaka 1938. Huko sijafika, kipuri kikichelewa nitakwenda.

Wewe sasa chukua mawe yale yaliyobaki uani, piga duara la hatua mbili, anza kozi ya kwanza. Pimamaji unayo. Likianguka, shemeji asijue nani aliyekutuma.

Wako,
Salim