Nimelipia macho ya mama, sasa naogopa yataniona

Shangazi, shikamoo.

Naomba jina langu ulifiche. Ukitaka kuniita, niite Mtoto wa Tukuyu. Nina miaka 31, naishi Mbeya mjini, nimepanga chumba na sebule upande wa Mwanjelwa, na kazi yangu ni kujiuza. Nalisema mapema usije ukafika katikati ya barua ukashtuka ukaitupa. Na jingine: nilipozaliwa niliandikwa mtoto wa kiume, nikapewa jina la babu. Mimi ni mwanamke. Nimejijua hivyo tangu niko darasa la tatu, kabla sijajua kama kuna wengine wa namna yangu. Majina tunayoitwa mtaani unayajua, sitayaandika hapa.

Sikuombi ushauri wa kuacha kazi. Huo ninao wa kunitosha mpaka uzee. Nakuandikia habari ya mama.

Mama yuko kijijini, juu kidogo ya Tukuyu, ana miaka 72. Macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Huu ni mwaka wa tatu anaishi ndani ya ukungu, tena si ule wetu wa Rungwe unaopanda jua likitoka. Kanisani kitabu cha nyimbo anakishika tu, maneno anayatoa kichwani. Krismasi iliyopita nilikwenda kumwona, nikamkuta jikoni anamimina chai. Kidole cha shahada kakitumbukiza ndani ya kikombe ili ajue chai imefika wapi. Chai inatoa moshi, Shangazi. Kidole hakukitoa mpaka kikombe kikajaa, halafu akanikaribisha, "Kunywa, tata, njia ni baridi." Kwetu tata ni baba. Ananiita hivyo kwa sababu nimebeba jina la baba yake.

Siku ile nilikuwa nimevaa koti refu, suruali ya marehemu baba na kofia ya sufu iliyomeza rasta zote. Baridi ya huku inaficha mengi, na yaliyobaki yalifichwa na macho yake. Akanishika bega akasema nimekonda. Nikarudi mjini na kile kidole kichwani, nikaanza kuweka akiba. Imenichukua miezi tisa, sasa nina laki nane na nusu. Miadi ya daktari iko tayari. Wanaanza na jicho moja, wanatoa ule ukungu, wanaweka lenzi ya bandia, kesho yake bandeji inafunguliwa. Kisha ni dawa ya matone kila siku kwa wiki kadhaa, jicho likishapona wanaingia la pili. Hapo mama hawezi kukaa kijijini peke yake, na mwenye kumtia matone ni mimi. Atakaa kwangu karibu miezi miwili.

Sasa umeanza kuniona nilipokwama.

Ngoja nikueleze kidogo nilivyofika hapa, usije ukadhani nilirukia tu. Shule niliiacha kidato cha pili. Mwalimu mmoja alinisimamisha mstarini asubuhi, akanitembeza mbele ya wanafunzi ili waone ninavyotembea. Walicheka shule nzima, na waliocheka zaidi ni wale niliokuwa nawafanyia hesabu. Nikaja mjini nikajifunza kusuka. Mkono wangu mwepesi, nikikusuka hulii. Saluni ya kwanza nilidumu miezi minne, mpaka mume wa mteja mmoja alipokuja kumfuata mkewe, akanitazama, akamuuliza mwenye saluni, "Hiki ni nini?" Hakuuliza huyu ni nani. Mwenye saluni alikuwa na kodi ya kulipa, sikumlaumu sana. Saluni ya pili wiki tatu. Nikabeba magunia ya viazi Uyole, nako wabebaji wenzangu wakagoma kula sahani moja na mimi. Mwaka 2017 nikaingia barabarani.

Na niliingia wakati mbaya. Mwaka 2016 vilainishi, yale mafuta yanayotumika pamoja na kondomu, vilikuwa vimepigwa marufuku, na Februari 2017 Serikali ikazuia vituo 40 vya kijamii vilivyokuwa vinatoa huduma za VVU kwa watu kama sisi. Baadaye mambo yalilegea kidogo, nikafundishwa uelimishaji rika, nikawa natembea na begi la kondomu na kuwasindikiza wenzangu kliniki. Ile kazi niliipenda, nisikufiche. Semina walitukaririsha namba, nami ninazo mpaka leo: utafiti wa 2022 hadi 2023 uliwakuta watu wazima wanaoishi na VVU Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, hapa Mbeya 9.6, wakati nchi nzima ni 4.4. Ndiyo maana kidonge changu cha kinga sikiruki hata niwe na malaria. Januari 2025 Marekani ikasimamisha fedha za misaada, posho yangu na lile begi vikaisha mwezi uleule. Siku hizi kondomu nanunua dukani kama ninavyonunua chumvi.

Wanaosema tunaipenda kazi hii waje mpakani Tunduma mwezi wa saba, saa tisa usiku, foleni ya malori haisogei na upepo unapita chini ya matela. Madereva wengine ni wastaarabu, nasema kweli. Yupo mmoja wa safari za Kongo, kila akipita huninunulia chipsi yai kwanza, tunaongea habari za binti yake anayesoma, na siku nyingine mazungumzo yanaishia hapo hapo. Wengine si hivyo.

Shida kubwa huwa ni jina. Laini ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole, na kitambulisho cha taifa kimeandikwa jina la babu na jinsi ya kiume. Mteja akitaka kunitumia hela, jina linamtokea kwenye kioo kabla hajabonyeza namba ya siri. Hapo ndipo wengi wanaposhtuka. Mwingine anakuwa anajua fika mimi ni nani, ila akiona lile jina anaona aibu yake imeandikwa, hasira zinamgeukia aliye karibu. Mwaka 2021 nilipigwa kwa sababu hiyo ndani ya gesti moja huko mpakani, yeye na utingo wake, wakachukua simu na pochi. Jino la mbele ninaloonyesha nikicheka si langu. Zahanati nilisema nimeanguka na bodaboda. Tangu hapo nachukua taslimu tu.

Na ona maajabu: jina hilo hilo likitokea kwenye simu ya nyumbani, mama anashangilia. Harambee ya bati za kanisa nilituma elfu hamsini, likasomwa mbele ya watu wote, "kijana wetu aliyeko mjini," wakapiga makofi. Mama alinisimulia hadithi hiyo mara tatu.

Utauliza kwa nini sikwenda polisi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inaliita tendo lenyewe kinyume cha maumbile na adhabu yake ni kifungo cha maisha, na kisipungue miaka 30. Nikienda kusema nimeibiwa, swali la pili ni "ulikuwa unafanya nini naye chumbani?" Kwa hiyo kila anayenijua ameshika kamba, ni juu yake kuivuta au kuiacha. Askari mmoja aliivuta miezi sita mfululizo, kila Ijumaa elfu tano, kama mchango wa kikoba. Alipohamishwa kituo nilinunua soda nikanywa peke yangu.

Mwingine mwenye kamba ni kaka yangu mkubwa. Yeye anajua. Aliniona kwa macho yake Kabwe miaka minne iliyopita, nimevaa gauni, akapita kama hakuniona. Usiku akanipigia, akasema maneno ambayo siyarudii, akamalizia kwamba nisikanyage nyumbani bila suruali. Kesho yake mchana akanipigia tena: mbolea imepanda bei. Nikatuma. Mpaka leo mbolea ya mahindi yake ni mimi, na pesa za mama zinapitia kwenye simu yake. Sasa nilipomwambia habari ya miadi, nilitegemea afurahi. Akanyamaza, kisha akasema, "Macho ya nini na umri huu? Ameshaona ya kutosha. Ukimfungua macho akakuona, utakuwa umemuua wewe."

Shangazi, maneno hayo yameniingia kwa sababu hayajakosa ukweli wote. Siwezi kuyatoa. Lakini pia nafikiria, mtu gani anataka mama yake abaki kipofu ili aibu ipate mahali pa kukaa?

Wenzangu wawili ninaowaamini wamegawanyika. Mmoja ananiambia nikate nywele, nivae suruali, miezi miwili siyo mingi, hata askari huvaa kombati akarudi nyumbani akavua. Rahisi kusema. Uwanja mzima hapa ninajulikana kama dada. Watoto wa jirani wananiita anti, wakinikosea wanatumwa kuja kuniomba radhi. Nikitoka asubuhi mwanamume, majirani nitawaambia nini? Nikibaki mwanamke kwa majirani na mwanamume kwa mama, wote wanatumia bomba moja la maji. Na hivi sasa ndevu nazing'oa, mwili nao umeshazoea ulivyo, sijui hata kutembea kwa zamani kama nitakumbuka. Mwingine anasema nimpeleke mama kwa binamu yetu Uyole. Huyo binamu ni mzee wa kanisa, jioni ya kwanza tu angemaliza kila kitu, tena kwa maombi.

Mimi mwenyewe nimefikiria kumwambia kabla. Nimtie kwenye kiti, macho bado na ukungu, nishike ule mkono wenye kidole cha chai, niseme. Angalau asikie kwanza ndipo aone. Halafu nafikiria presha yake ikipanda, daktari aahirishe, mama arudi kijijini na macho yaleyale na huzuni juu yake. Nikisema baadaye, bandeji imefunguliwa, basi sura ya kwanza kuiona vizuri baada ya miaka mitatu itakuwa ya mwanamke asiyemjua anayeongea kwa sauti ya mwanawe. Kazi yenyewe sitamwambia hata nikichomwa moto, hilo tuliache. Na usiku sitatoka akiwa hapa, chakula cha miezi miwili nimekitenga.

Sasa kuna jambo moja, na ndilo lililonifanya nikuandikie badala ya kuamua mwenyewe.

Mama mwenye nyumba wangu ni mjane wa Kisafwa, mpenda watu. Sijui anajua nini juu yangu. Hajawahi kuuliza na sijawahi kumwambia. Mwezi uliopita alikuwa kabanwa na homa, nikampikia uji siku nne. Siku ya tano nikawa naongea na mama kwenye simu, yeye kakaa karibu anaota jua. Akaninyang'anya simu, sikuwahi kumzuia, akasema kwa sauti kubwa: "Mama, hongera, binti yako ananitunza huku kama amenizaa mimi."

Nilihisi miguu haipo. Upande wa pili pakawa kimya, nikasikia kuku wa mama wanalia nyuma. Kisha mama akasema, "Ndaga. Ndaga fijo." Yaani asante sana. Wakaendelea na habari za mvua.

Masikio ya mama ni mazima. Inawezekana mtandao ulikata palepale. Inawezekana alidhani mwenye nyumba anamzungumzia mpangaji mwingine, au kwamba kijana wake ameoa kimyakimya na huyo ni mkwe. Au heshima tu, mtu akikusifia mwanao humkatizi. Lakini tangu siku hiyo tumeongea mara sita, na sijamsikia akiniita tata. Ananiita mwanangu. Mwanangu ni neno la wote, Shangazi, nimeligeuza huku na huku halinipi jibu.

Jana alipiga kuuliza alete nini. Nikamwambia asijichoshe. Akasema anamletea yule mama mkungu wa ndizi, na mimi ananiletea parachichi na vitenge viwili, "utaangalia mwenyewe utavifanyia nini." Mashati ya vitenge wanaume wanashona, najua.

Nisaidie hivi: nimwambie kabla ya operesheni au baada? Nimwambie mimi, au nimwachie mama mwenye nyumba, maana wazee wana namna yao ya kufikishiana? Au wewe kwa ulivyomsikia, unaona kuna la kumwambia? Kaka nitamalizana naye mwenyewe. Mama anashuka na kosta Jumatatu ya wiki ya tatu kutoka leo, nitampokea stendi ya Nanenane, na mpaka sasa sijui nitakwenda nimevaa nini. Nijibu mapema, kwa sababu nywele zimeisha muda, nataka kufumua, na sijui kama nisuke tena.

Ni mimi,
Mtoto wa Tukuyu, Mbeya