Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wamiliki wa Mabanda ya Gemu, Kigoma-Ujiji

Ndugu wanachama, salaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Shughuli za kawaida mnazijua: vikao vinne vya kamati, usafi Mwanga, rambirambi kwa mwenzetu wa Gungu. Kufunga mabanda saa za masomo kumeendelea, ingawa wapo wawili wanaojijua.

Nije kwenye lililonifanya nitukanwe kwenye grupu tangu Machi: uamuzi wa kuondoa gemu za mpira za PES zilizopachikwa jezi za Simba na Yanga, pamoja na mashine zilizochipiwa, yaani zilizovunjwa mfumo ili zikubali nakala za kughushi. Najua dabi ndiyo inayowatoa vijana Ujiji mpaka Katubuka. Lakini tuangalie kilichomo ndani ya mashine ile. Programu ni ya Konami, kampuni inayotengeneza PES, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda. Nembo na majina ni mali ya klabu. Fundi aliyeviunganisha hana kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo alichowauzia hakuwa nacho. Tena ili mashine ikubali nakala ile, lazima mfumo wake uvunjwe, na mashine iliyovunjwa ikigundulika mtandaoni hufungiwa.

Wapo waliosema jina la timu si mali ya mtu. Basi waeleze kwa nini FIFA 20, gemu ya EA, washindani wa Konami, iliwaita Juventus “Piemonte Calcio”. Wachezaji walikuwa walewale, ila jina, jezi na nembo hazikuwemo, kwa sababu Konami walikuwa wameshachukua haki hizo peke yao. Jina la FIFA nalo liliondoka mkataba ulipokwisha, gemu ikatoka 2023 kwa jina la FC 24. Kama kampuni kubwa vile inatii, sisi wa Kigoma tumepata wapi ubavu?

Mwanachama wa Buzebazeba aliuliza swali zuri lililotukalisha kamati nzima. PES 2021 halisi kwenye PS4 inaruhusu kuhariri timu: unaweka picha kwenye flashi, ndani ya folda iitwayo WEPES, unaingia sehemu ya kuhariri na kuziingiza. Hakuna kuvunja mfumo, na mlango huo wameuweka Konami wenyewe, sasa kosa liko wapi? Jibu letu lilikuwa kwamba mlango ni wa Konami lakini nembo bado ni ya klabu. Kijana akifanya hivyo sebuleni kwao hakuna wa kumuuliza. Wewe mwenye banda unatoza pesa na umebandika bango la dabi nje.

Ndipo likaja la pili: “Mwenyekiti, hata diski halisi masharti yake ni ya matumizi ya nyumbani, sasa 630,000 zetu za kununulia diski halisi umezitumia kwa lipi?” Sikatai. Sheria inamwachia mwenye kazi haki ya kunakili, kusambaza na hata kukodisha, na sisi barua ya ruhusa hatuna. Lakini diski halisi umeinunua kwa haki, na ugomvi wake ni wa namna unavyoitumia. Nakala ya kughushi ni kosa kabla hujawasha hata tivii. Anayeona hayo ni mamoja aje anieleze mbele ya wote, si kwa sauti za WhatsApp usiku wa manane.

Kuhusu gemu za bei chee zinazouzwa kupitia akaunti ya mtu mwingine, nilionya mapema na kumbukumbu zipo. Muuzaji anaingia na akaunti yake kwenye PS4 yako, anaifanya kuwa mashine kuu, anapakua gemu, anaondoka. Siku akimhamishia mteja mwingine hadhi hiyo, kwako kinatokea kikufuli juu ya picha ya gemu. Kurejesha leseni hakusaidii, kwa kuwa leseni haijawahi kuwa yako. Wenzetu watatu wamelia hivyo mwaka huu.

Diski 14 za mtumba tulizoagiza Kariakoo nilizifuatilia mwenyewe. Mbili zilikuja na mikwaruzo, zikarudishwa. Mkinunua wenyewe msiridhike kuonyeshwa menyu. Subirini usakinishaji ufike mwisho, maana diski mbovu hukwama katikati.

Vijana kuwekeana mzigo wa pesa kwenye mechi, na banda kukata chake, kukome. Huo ni mchezo wa kubahatisha, una bodi yake na leseni yake, na wengi wa wateja wetu hawajafika miaka 18.

Sasa fedha. Tuko 41, ada ni 5,000 kwa mwezi, tulitakiwa kupata 2,460,000. Zimeingia 1,325,000. Diski 630,000, nauli, vocha, chai na fotokopi 190,000, salio 505,000. Kikao cha Machi kilichopitisha uamuzi walikuja 17. Wanaopiga kelele zaidi hawakuwa kati yao, na wengi wao kwenye daftari la ada wameishia Februari. Chai ya watu 41 tuliinunua, mkaa ukaungua, tukainywa 17.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia kumwalika ofisa wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na ikiwezekana kuziandikia klabu zenyewe kuomba ruhusa ya nembo. Suala la chumba cha ofisi nalo tutaliangalia.

Daftari liko kwa mhazini, sokoni Mwanga, mpaka saa kumi na mbili jioni.

Mwenyekiti