Barua kwa Mwanangu Kabla ya Jumamosi

Muheza, Jumatatu usiku

Mwanangu,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ujumbe wa sauti unausikiliza nusu, halafu unanijibu "sawa mama" hata pale nilipouliza swali. Barua hii anakuletea kondakta pamoja na boksi. Isome kwanza, boksi utafungua baadaye.

Nimesikia mamkwe wako ameshakata tiketi ya kurudi kwao Muleba, Kagera, basi la Jumamosi. Nani kaniambia si kazi yako, ila mumeo usimguse, si yeye. Tulikubaliana mama yule akae nawe mpaka ujifungue, kwa kuwa mimi mguu huu hauniruhusu kupanda basi. Sasa nasikia tangu aje kapika mara moja tu, na sufuria lile ukalirudisha jikoni limejaa vilevile, ukasema ndizi zisizo na nazi ni chakula cha mgonjwa. Na wale senene aliokuja nao ukawaweka nje kibarazani.

Umekula alichopika? Hata kijiko kimoja? Nijibu hilo kabla ya mengine.

Utasema mimi ndiye niliyekufundisha hivyo. Kupika nilikufundisha, na nilikufundisha vizuri. Tui zito unajua kulingoja mpaka mwisho lisikatike, wali wako unatoka punje punje, na mwaka jana niliwaambia akina mama wa kanisani kwamba kwa wali wa nazi mwanangu kanishinda. Wewe sikukwambia, maana kichwa chako ni chepesi kuvimba. Na ona, kimevimba bila hata kuambiwa.

Jana nilimpigia simu mamkwe wako. Tukazungumza magoti na bei ya sukari. Habari zako hakulalamika hata moja, na hapo ndipo nilipoogopa. Angelalamika ningelala.

Nikamwuliza, kama mtu anayetaka kujifunza tu, kwa nini kwao ndizi na maharage huingia sufuria moja. Akacheka. Akasema kwenye kibanja, yaani shamba la nyumbani, migomba, mibuni na maharage vinakaa pamoja, maharage chini ya migomba, kwa hiyo mtu anatoka na kisu na kikapu anarudi na chakula kizima. Akanieleza anavyotanguliza maharage mpaka yaive, ndizi zinafuata, kisha anafunika kwa majani ya mgomba mvuke usitoke. Alieleza mpaka sauti ikabadilika, nikajua huyu mtu anakijua anachokisema. Halafu akasema, "Majani niliyokuja nayo yameshanyauka," akaingia kwenye habari za mvua.

Majani, mwanangu. Alisafiri nayo kutoka Muleba hadi Dodoma ili akupikie.

Sisi huku tunatia nazi kwa sababu minazi iko nyuma ya nyumba. Hakuna malaika aliyeshuka na kifumbu cha kuchujia tui mkononi. Ungezaliwa Muleba ungekuwa unamcheka mtu anayekaa nusu saa anakuna nazi, anaikamua, anatupa chicha, yote hayo ili apate maji ya kupikia wali.

Na senene. Wewe unayekula dagaa na macho yake! Yule mama ameketi akanyonyoa mabawa na miguu, mmoja mmoja, akawaosha, akawakaanga kwa chumvi, akajaza kopo. Nimeambiwa zamani kwao wanawake ndio waliookota na kuchambua, ila kula ilikuwa ya wanaume. Sasa mama wa umri ule anamletea mkamwana wake kopo zima. Mimi naona heshima, wewe uliona wadudu. Sikulazimishi uwale, mimi mwenyewe sidhani kama wangepita kooni. Lakini nje kibarazani, na jirani wanapita?

Siku wakwe zako walipokuja kwetu wewe ulikuwa jikoni, hukuona. Mamkwe wako nilimwekea bada, ugali wetu wa muhogo, na samaki. Bada yangu unaijua ilivyo nyeusi na inavyonata. Mama yule alikula, akaongeza. Na kila tonge alilisukuma kwa maji, nilimhesabia bilauri tatu. Hakuipenda hata kidogo, na aliimaliza. (Mimi siku tulipokwenda kwao walinipa punje za kahawa za kutafuna, nikazitia kwenye mkoba nikidhani ni za kwenda kuchemsha nyumbani. Hakuna aliyenicheka mbele yangu. Baba yako ndiye aliyenicheka, mpaka Korogwe.)

Kwa hiyo nakuuliza tena, umekula alichopika?

Bibi yako wa Kibosho alikuja ulipozaliwa. Hili sijawahi kukueleza na wala si jambo kubwa. Alikuja na kiroba cha ndizi mshare na nyama ya mifupa. Nilimwona anajipaka mafuta mikononi kabla ya kumenya, nikadhani ni mapambo, kumbe ni utomvu usimgande. Akachemsha nyama, akatia ndizi, akaziponda kwa mwiko taratibu mpaka ukawa mtori laini, hauna bonge. Kwao mzazi ndiyo chakula chake. Mimi nilikuwa nataka uji wa pilipili manga wa mama yangu. Siku ya kwanza nilionja. Siku ya pili nikasema nimeshiba. Na kuna siku alikalia mbuzi ya nazi upande upande, kama mtu aliyepanda punda kwa mara ya kwanza, anataka kunisaidia kukuna, nikacheka, na mama yangu akacheka, na jirani akaitwa aje kuona.

Siku ya tatu mtori ule walikula kuku. Niliumwaga nyuma ya choo nikijua amelala. Hakuwa amelala. Alisimama mlangoni akawatazama wanavyodonoa nyama, akasema, "Kuku wa hapa wana bahati." Kesho yake akaondoka. Barabara ilikuwa mbaya mwaka ule, watu wengi walikuwa hawasafiri, ndiyo maana hakurudi tena kutukalia. Baba yako anasema sivyo, lakini baba yako husema mengi. Wewe ulilia sana wiki ile. Watoto wote hulia.

Juzi nilinunua mshare sokoni nikajaribu kuupika. Ukatoka na mabonge. Hakuna wa kumwuliza, bibi yako alishatangulia.

Sisemi mamkwe wako ni malaika. Nasikia alifungua sufuria lako la mchuzi akatia chumvi bila kuuliza. Hilo ni kosa, na ungekuwa na haki ya kununa siku moja. Siku moja, si wiki tatu. Na mumeo naye asikae sebuleni na simu wakati wanawake wawili wanagombea jiko lake, mwambie mkwewe kasema. Lakini fikiri kidogo ukiwa upande wa pili wa mlango: mtu amepika tangu wewe na mumeo hamjazaliwa, anafika kwa mwanawe, anaambiwa akae kwenye kochi kama mgeni wa mazishi. Mikono yake aiweke wapi?

Halafu tuache heshima, tuseme kazi. Mtoto atakapolia saa nane za usiku, na wewe huwezi kuinuka, nani atakuchemshia uji? Mimi? Mguu huu? Dada wa kazi uliyemsifia mwezi uliopita ameshaondoka, usifikiri sijui.

Fanya hivi. Kesho usipike. Mwambie, "Mama, leo nataka ndizi zenu, nifundishe." Kaa kwenye kigoda umenye naye, jipake mafuta kwanza mikononi. Majani kama hakuna, funika na mfuniko, yeye atajua la kufanya. Usisogeze mkono kwenye nazi. Ukila usiseme "si mbaya", maana hilo neno lako nalijua, linauma kuliko tusi. Sema umeshiba ukiwa umeshiba kweli.

Sasa boksi. Kuna nazi kumi, tano zako, tano za mamkwe wako azichukue akienda kwao, si Jumamosi hii, nimesema akienda. Iliki iko kwenye mfuko wa kaki. Machungwa yatumie mapema, yamesafiri. Madalali wanataka kuyanunua yaliyobaki yakiwa mtini, baba yako anataka kukubali, mimi nimekataa, tumenuniana tangu Ijumaa. Dawa zake za presha anameza, ila mpaka nisimame mbele yake. Bati la jikoni limeanza kuvuja palepale. LUKU uliyotutumia iliingia, asante, ila mdogo wako anaimalizia kwenye pasi, kila siku pasi, sijui anakwenda wapi.

Mfuniko wa sufuria langu kubwa uliondoka nao Pasaka. Mpe kondakta akirudi, nimefunika kwa sinia mwezi wa ngapi sasa. Natumaini mumeo ndiye aliyekwenda kupokea stendi ya Nanenane, wewe usibebe boksi.

Na usinipigie Jumamosi kuniambia ameondoka. Nipigie kesho usiku, unipe yeye niongee naye.

Mama yako