Tusilinganishe fueli za plutoniamu kwa namba moja

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Habari zinazoandikwa siku hizi kuhusu fueli za vinu vya nyuklia zenye plutoniamu zinapanga mshindi kwa kuangalia ipi imechomwa zaidi, yaani ipi imetoa nishati nyingi zaidi kwa kila tani, basi. Hilo linaniuma maana wasomaji wanaachwa gizani.

Chukueni India. Kinu kidogo cha majaribio pale Kalpakkam kilianza mwaka 1985 na fueli ya kabaidi (metali iliyoungana na kaboni), asilimia 70 kabaidi ya plutoniamu, na ikaja kufika megawati-siku 165,000 kwa tani. Namba kubwa kweli na mafundi wale wanastahili sifa. Lakini kabaidi ilichaguliwa kwa sababu urani iliyorutubishwa ilikuwa haipatikani, na oksidi (iliyoungana na oksijeni) yenye plutoniamu nyingi kiasi hicho haipatani na sodiamu inayopoza kinu. Halafu angalieni, kinu chao kikubwa cha megawati 500 palepale Kalpakkam wamekiundia oksidi! Kwa nini waiache iliyofanya vizuri? Kabaidi inavimba zaidi ndani ya kijiti, yaani bomba jembamba linaloifunga, na unga wake unashika moto ukikutana na hewa, kwahiyo kuitengeneza kwa wingi ni kazi ngumu na ya gharama.

Swali la kuuliza ni fueli inalifanyia nini ganda lake la chuma, yaani bomba lile la kijiti. Wamarekani walijifunza hilo Idaho, kwenye kinu cha EBR-II kilichofanya kazi kuanzia 1964 mpaka 1994. Fueli ya metali tupu, si oksidi wala kabaidi, mwanzoni ilijazwa ikabana, gesi za zenoni na kriptoni zikaivimbisha ikasukuma ganda, ikabidi itolewe mapema. Wakaja wakapunguza, fueli ikajaza kama asilimia 75 tu ya nafasi na pengo likajazwa sodiamu, sasa ikivimba inakuwa na vitundu kama mkate wa kumimina, vitundu vinaungana, gesi inatoka inapanda kwenye nafasi iliyoachwa juu. Ile yenye urani, plutoniamu na zirikoni ikavuka asilimia 15 ya atomi kuchomwa. Bado ni fueli ya metali, badiliko kubwa lilikuwa nafasi. Ila fueli hiyo inayeyuka kwenye joto dogo kuliko oksidi na inaweza kula ganda kwa ndani, hayo nayo yaandikwe.

Na Ufaransa, wanaochoma mchanganyiko wa oksidi za urani na plutoniamu kwenye vinu vinavyopozwa kwa maji tangu 1987, wanajua kwamba huo unatoa gesi nyingi kuliko urani ya kawaida ukikaribia mwisho wa maisha yake, maana unapitisha joto vibaya kidogo na bado unafanya kazi kwa nguvu wakati mwenzake ameshachoka.

Kwahiyo mhariri, mkiandika tena, pembeni ya namba ya uchomaji wekeni joto la ganda, aina ya chuma chake, nafasi ya gesi na ukubwa wa kinu. Hata jedwali dogo linatosha, tutalisoma.

Msomaji wenu, mwalimu wa fizikia, Morogoro