Jumamosi: Buswelu hadi Bujora kwa baiskeli

Mwangaluka ndugu zangu! Jumamosi tukutane Buswelu, hapa Mwanza, saa 12:00 asubuhi, saa 12:30 tunaondoka. Lami ya barabara ya kwenda Musoma tutaikwepa kadiri tuwezavyo, tupite njia za ng'ombe nyuma ya vilima hadi Kisesa, kisha tupande Bujora.

Njia hizi nazipenda sana, ila zinataka adabu. Haya mawe yetu ya matale (graniti) yakichakaa hugeuka changarawe, na changarawe hizo juu ya mwamba mkavu zinateleza kama mtama uliomwagika sakafuni. Punguzeni upepo kidogo kwenye tairi. Shikeni breki kabla ya kona, siyo mkiwa ndani ya kona, na ya mbele muiguse taratibu. Miiba ya migunga ipo, kwa hiyo kila mtu abebe tyubu ya akiba, pampu na viraka. Kofia ngumu ni lazima; asiye nayo aniambie leo nimtafutie ya kuazima.

Kisesa tutapumzika kwa mama mmoja anayepika chai ya maziwa yenye tangawizi iliyokolea, na chapati anazitoa motomoto kwenye kikaango. Nimemwomba atuwekee na viazi vitamu. Njooni na hela ndogondogo, tusimsumbue kwa chenji.

Bujora tutaingia Makumbusho ya Wasukuma kuona ngoma za watemi, yaani machifu wa Kisukuma. Kiingilio kila mtu ajilipie.

Tukipita mashambani, salimieni wazee. Mkikuta ng'ombe, simameni wapite kwanza.

Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Alhamisi jioni, nimpe mama idadi ya chapati.