Maktau, na ule mzinga wa Fort Jesus

Salim ndugu yangu, salamu sana, huku kwetu joto ni lile lile na foleni ya feri Likoni iko vile vile ulivyoiacha. Sasa skiza, waukumbuka ule mzinga wa Fort Jesus tuliokua tukiupanda na uniform za shule mpaka askari atufukuze? Ule ni wa Königsberg bwana, manowari ya Mjerumani wakati wa vita vya kwanza vya dunia, ndio iliyoizamisha Pegasus, manowari ya Waingereza, pale Unguja Septemba 1914 halafu ikaenda kujibanza kwenye mito ya Rufiji ndani ya mikoko, miezi na miezi hawaiwezi. Kilichoiponza ni ndege. Julai 1915 rubani mmoja wa jeshi la maji la Mwingereza anaitwa John Cull alikua juu na mwenzake Arnold, huyu anatuma ishara kuziambia meli zao Severn na Mersey makombora yanaangukia wapi, ndege yao ikapigwa ikaanguka mtoni, wote wawili wakatoka wazima, na Königsberg siku hiyo hiyo ikawa ishakwisha.

Basi huyo huyo Cull akaja kupelekwa Maktau, kule Taita, ukishapita Mwatate na Bura. Wanamaji hao, na ndege zao, katikati ya miiba ambako hata harufu ya bahari haifiki! Sababu ni kua Mjerumani alishaikamata Taveta tangu Agosti 1914, vijana wake wanapenya usiku kulipua reli yetu ya Mombasa kwa baruti, ndio Mwingereza akaanza kutandika reli nyengine kutoka Voi kuelekea huko na Maktau ikawa kambi kubwa. Maji yenyewe yaletwa kwa bomba kutoka Bura. Na pori lile ukisimama chini huoni kitu, lazima mtu apande juu na ndege achungulie.

Tumeenda huko Maktau jumamosi na vijana wa kazini. Kiwanja chenyewe cha ndege usitarajie kuona lami wala jengo, ni uwanda tu wa udongo mwekundu, mbuzi wanakula, kama huna mtu wa kukuonyesha utapita tu. Lakini mahandaki yapo Salim, yamejaa nyasi lakini ukishuka ndani yakufika kiunoni, na kuna kuta za mawe zilizopangwa bila saruji mpaka leo hazijaanguka. Chini makopo ya nyama yamejaa kutu, moja nimeliinua nikaona limefunguliwa kwa kisu, mkato umepinda pinda, huyo mtu alikua na njaa haswa. Nimelirudisha pale pale maana kuna watu wanakuja kuokota na kuuza, wallahi waniudhi.

Kuna na makaburi ya askari wa Kihindi, yametunzwa vizuri. Ila wale wapagazi wetu waliobeba mizigo yote hiyo na kufa kwa kuhara na homa, sijaona hata jiwe moja lao, na hilo mimi limenikera kuliko makopo.

Wenzangu wataka turudi mwezi wa kumi na mbili twende mpaka kilima cha Salaita, pale Makaburu, wale askari wa Afrika Kusini wa upande wa Mwingereza, walipopigwa na Mjerumani Februari 1916. Wewe si utakua likizo? Nambie mapema nikuwekee siti, na uje na viatu vya maana, si hizo sendo zako, ile miiba yapenya mpaka soli.