Mwanangu, viatu vya mbio usigawe

Mwanangu, assalam alaikum. Natumai wewe na baba watoto na hao wageni wetu wawili muko salama. Nimejaribu kupiga simu lakini najua simu haishikiki ukiwa na mmoja begani na mwengine yuko titini, kwahivyo nimeona bora nikuandikie, utasoma kidogo kidogo ukipata nafasi, hata ukimaliza kesho kutwa si neno.

Jana ulinambia ati Jumatatu ukirudi kazini vile viatu vyako vya mbio utampa binti wa jirani manake hiyo hadithi ishakwisha. Ulisema haraka haraka kama kitu kidogo halafu ukaanza kuniuliza bei ya nazi sokoni Kongowea. Sauti yako naijua mamangu, naijua tangu hujajua kusema, kwahivyo bei ya nazi nilikujibu lakini usiku sikulala vizuri.

Usigawe. Hilo ndilo nataka kukwambia na mengine yote hapa chini ni kulielezea hilo tu.

Kwanza wajua wanasema nini. Hata huku Kisauni nshayaskia, ati mke ana pacha wachanga alafu akili yake iko kwa kukimbia, ati maziwa yanapata moto yanachacha kifuani watoto wanaharisha. Hiyo ya maziwa si kweli. Nilimuuliza nesi wa kliniki siku ile tulipowapeleka sindano, akanambia mazoezi ya kiasi hayapunguzi maziwa wala hayaharibu kitu, mama anywe maji ya kutosha na ale basi, na kabla ya kutoka anyonyeshe kwanza ili kifua kiwe chepesi. Na sidiria iwe ya kushika sawasawa, si hizo unazovalia nyumbani. Kwahivyo mwenye kukuletea maneno ya maziwa kuchacha mwambie aje kwangu.

Lakini pia sitaki unielewe vibaya ukadhani nakwambia Jumatatu jioni ufunge kamba za viatu uondoke. La. Wewe ulipasuliwa, mshono si wa nje peke yake, ndani kuna tabaka juu ya tabaka zinashikana polepole, na tumbo lilibeba wawili. Wataalamu wa mambo haya wanasema hata mama aliyezaa kawaida asianze kukimbia kabla ya wiki 12, na hiyo ni kuanza tu tena kwa aliyekuwa hana tatizo lolote, sasa wewe wa operesheni na pacha usihesabu wiki kama vile watu wanahesabu siku za mshahara. Angalia mwili. Ukiruka kidogo mkojo ukaponyoka, ama ukihisi uzito huku chini kama kuna kitu kinashuka, ama mshono ukavuta, hapo bado, unarudi kutembea na unamuona daktari ama fizio, yule wa mazoezi ya viungo, akufundishe kukaza ile misuli ya chini ya nyonga. Usione haya kumwambia daktari, hiyo ni misuli kama mingine na wanawake wengi wanakaa na shida hiyo miaka kwa kuona haya.

Wamkumbuka Faith Kipyegon, yule mkimbiaji unayempenda. Alijifungua 2018, mashindanoni hakuonekana mpaka 2019, mwaka huo huo akachukua medali ya fedha ya dunia kule Doha, na 2021 akachukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo. Watu wanapenda kutaja hiyo dhahabu lakini mimi napenda ule mwaka aliokaa. Na yule mbio ndio kazi yake na mtoto alikuwa mmoja. Wewe una wawili na ofisi ya kliaring, ya kutoa mizigo bandarini, juu yake, meli ikitia nanga wateja wote wanapiga simu wewe. Kwahivyo ukikaa mwaka wewe pia hujaacha mbio, uko ndani ya mbio bado, viatu viko chini ya kitanda vinangoja.

Na ule mwaka wa 2007 je, wajua mimi bado nauona. Machi, kaskazi inaisha na joto limekaa kama limefungiwa chumbani, dunia nzima imekuja hapa kwetu Mombasa kwa mbio za nyika pale uwanja wa gofu karibu na barabara ya Mama Ngina, na wewe uko shingoni mwa babako unapeperusha bendera. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, bingwa aliyekuwa hashikiki, alikuwa mbele kwenye mzunguko wa mwisho na akasimama, akatoka, joto lilimshinda, akashinda Zersenay Tadese wa Eritrea. Wewe ukauliza mbona amesimama na babako akakwambia hewa ya hapa ina maji mengi, jasho halikauki mwilini, na jasho lisipokauka mwili haupoi, moto unabaki ndani. Mwaka uliofuata mbio zilikuwa Scotland kwenye baridi na Bekele akarudi akashinda. Na siku ile ile ya Mombasa kwa wanawake alishinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa hapa Kenya aliyekuwa akikimbilia Uholanzi, ukapiga kelele mpaka sauti ikakauka, na kuanzia wiki hiyo ukawa wakimbia kwenda madrasa na kurudi. Mimi ndio nilikuwa naona vumbi kwenye buibui lako. Sasa kitu kilichoanza hivyo utampa binti wa jirani kwa sababu ya uchovu wa miezi mitatu? Hapana mwanangu.

Tena kwa joto hilo hilo, mwezi ukifika wa kuanza, toka baada ya swala ya alfajiri kabla jua halijashika, na beba maji manake mama anayenyonyesha wawili kiu yake si kiu ya mtu mmoja. Anza na kutembea kuanzia Fort Jesus mpaka Lighthouse, pale chini ya mibuyu kuna upepo wa bahari. Tembea, kimbia kidogo, tembea. Saa yako ile ya mkononi iache nyumbani mwanzoni, isikulinganishe na yule wa zamani. Na hilo wazo lako la kununua kigari cha kusukuma pacha ukikimbia nao, subiri kwanza, shingo zao hazijakaza, watoto hawafai kukimbizwa kwenye kigari kabla ya miezi sita na zaidi, na hizo barabara za Tudor wazijua mashimo yake.

Sasa tuje kwa kazi, manake naona hapo ndipo panakutisha zaidi hata kama wasema mbio. Nilikaa na wewe arobaini yote, nimeona kwa macho. Nimeona vile uji wa pilipili manga unapoa kwenye kikombe unangoja mkono mmoja uwe huru. Nimeona Hussein akishiba Hassan ndio anaamka, na Hassan akilala Hussein amejitapikia, mpaka tukampaka rangi nyekundu kucha ya dole gumba la mguu Hussein, manake saa tisa usiku hata wewe uliyewazaa ulikuwa wauliza nani kanyonya nani bado. Na nimeona siku ile ulipojua kuwanyonyesha wote pamoja, mmoja chini ya kwapa hili mwengine chini ya lile, vichwa mbele miguu imeelekea mgongoni kwako, mto mkubwa mapajani, ukaniangalia ukasema mama nimepata dakika ishirini. Dakika ishirini mwanangu! Ulikuwa na furaha kama umepewa nyumba.

Basi mwanamke anayejua thamani ya dakika ishirini bosi asimtishe. Sheria wewe waijua kuliko mimi lakini nimemuuliza mjomba wako anayeelewa mambo ya wafanyakazi akanipa yote. Miezi mitatu na mshahara kamili ni haki yako chini ya sheria ya kazi ya 2007, na ukirudi unarudi kwa kazi ile ile uliyoiacha ama inayolingana nayo, kwahivyo yale maneno ya kukupeleka dawati lingine la chini, waulize kwa maandishi. Na ile sheria ya afya ya 2017 inasema muajiri aweke mahali pa mama kunyonyesha ama kukamua, pawe pasafi pawe na friji na pa kunawa mikono na umeme na kiti, na pasiwe chooni, na upewe nafasi ya kukamua mbali na muda wa chakula, ikijumlishwa isipite saa moja kwa kila saa nane za kazi. Choo hapana. Usikubali kukamua maziwa ya wajukuu wangu chooni. Ukamue, uandike tarehe na saa kwenye kopo, utie frijini, yanakaa mpaka siku 4 lakini nje yasipite saa 4, na kwa joto letu mimi nakwambia hata hizo 4 usizingoje, na barafu kwenye begi ukirudi nayo kwa matatu.

Na mume wako. Hapa nitasema wazi na najua huenda asome pia, asome tu. Ni mtoto mzuri, simkosoi, zile wiki zake mbili za likizo alifua nepi akanika mwenyewe barazani mbele za watu na nilimpenda kwa hilo. Lakini likizo yake ilipokwisha nikaona mambo yanarudi kidogo kidogo kwako, unamwambia "nisaidie kumshika" kama vile watoto ni wako na yeye ni mgeni mkarimu. Hasaidii mtu pale, ni wanawe. Sasa kaeni muongee kabla ya Jumatatu, nani anaamka saa ngapi, nani anapeleka kliniki manake sindano ya wiki ya 10 washapata na ile ya wiki ya 14 itakukuta ushaanza kazi. Mpe yeye hiyo ya wiki ya 14. Aende na vitabu vyao viwili, awashike wakilia, aulizie uzito wao mwenyewe, manake walizaliwa wadogo na yafaa baba ajue kila gramu iliyoongezeka. Na alfajiri zako, ukifika wakati wa kuanza mazoezi, ni zamu yake na watoto, iandikwe kama zamu ya bandarini, si mpaka siku akijiskia. Yeye naye ana mpira wake Alhamisi jioni, auweke, simwambii aache, mtu akikosa chake anaanza kuhesabia wenzake.

Hilo la mwisho ndilo naliogopa kwako, wallahi. Nimewajua wanawake wema sana mtaani kwetu walioacha kila kitu chao kwa ajili ya watoto, na hawakusema neno miaka yote, alafu watoto wakawa wakubwa wakakuta kuna deni ndani ya nyumba na hawajui walikopa lini. Sitaki Hassan na Hussein wadaiwe mbio zako. Nataka wakuone unarudi asubuhi na jasho na mtandio umelowa, wakurukie, wakujue hivyo.

Dada wa kazi uliyempata naona ni mtulivu, lakini pacha peke yake kutwa nzima ni mzigo mkubwa kwa msichana wa umri wake, kwahivyo mimi nimeamua, Jumanne na Alhamisi n'takuja. Hapana usinibishie, daraja la Nyali si mbali na asubuhi mapema foleni bado. N'takuja na nazi na supu ya pweza tayari kwenye hotipoti, wewe ule ndio uende ofisini. Na siku za Jumamosi nikijaaliwa n'takuja pia, ile saa ya alfajiri, ili siku ukianza kutembea hapo Mama Ngina baba watoto apate mkono wa pili.

Viatu vitoe vile kwenye mfuko uliokuwa ushavifunga. Vipige jua kidogo manake Mombasa hii vikikaa giza vinaota ukungu, alafu virudishe chini ya kitanda. Na mwambie baba watoto achonge ufunguo mwengine wa mlango mkubwa aniachie kwa mama wa duka hapo chini kabla ya Jumanne, nisije nikabisha saa kumi na moja nikawaamsha wote wawili.

Mamako akupendaye.